Mke wa Hamdani Hana Jina: Ngano za Karne ya 19 na Picha ya Mwanamke Darasani

Mwalimu wa shule ya msingi anaposoma ngano mbele ya watoto, hufundisha mambo mengi kuliko yale aliyoyaandika katika andalio la somo. Msamiati umo, ufahamu umo, na mafunzo ya adili yamo. Lakini yamo pia mafunzo ambayo hakuna mtu aliyeyapanga: nani katika dunia hii hutenda na nani hutendewa, nani huulizwa na nani huamuliwa, nani huitwa kwa jina lake na nani huitwa kwa jina la mtu mwingine. Mtoto wa Darasa la Tatu hawezi kuyataja mafunzo hayo kwa maneno, lakini huyabeba hadi nyumbani pamoja na daftari lake, na mara nyingi huyatunza kwa muda mrefu kuliko daftari lenyewe.

Tunakusudia hapa kuzitazama ngano za Kiswahili zilizoandikwa katika karne ya 19, kwa macho ya mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Musoma, Bunda na Butiama. Ngano hizo, au watoto na wajukuu wake, zingali zikisomwa na kusimuliwa. Wako wanaosema kwamba zimejaa dharau kwa mwanamke, na kwa hiyo zitupwe. Wako wanaosema kwamba ni urithi, na kwa hiyo zisiguswe. Sisi hatukubaliani na upande wo wote kati ya hizo mbili. Maoni yetu ni kwamba ile picha iliyoganda ya mwanamke, yaani picha inayomweka kila mwanamke katika umbo moja kabla hajasema wala kutenda neno, haitoki katika ngano peke yake. Sehemu yake kubwa hutoka katika muhtasari wa mwalimu na maswali anayouliza baada ya kusoma. Ngano mara nyingi ina mambo mengi kuliko yale tunayoyachota ndani yake.

Jinsi ngano hizo zilivyotufikia

Edward Steere, mmisionari kutoka Uingereza, alifika Unguja mwaka 1864. Alisikiliza ngano kutoka kwa wenyeji, akaziandika, na mwaka 1870 zikachapwa London katika kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Baada yake walikuja Wajerumani: C. G. Büttner alitoa mkusanyo wake mwaka 1894, na Carl Velten akatoa wake mwaka 1898. Mwaka 1901 Andrew Lang aliziingiza baadhi ya ngano za Steere katika kitabu cha watoto huko London, na mwaka huo huo George Bateman akachapa Zanzibar Tales mjini Chicago. Hivyo hadithi fupi za Kiswahili zilikwisha kuwa kitabu, na kusomwa ng'ambo, kabla shule nyingi za bara hazijajengwa.

Mwalimu hana budi kukumbuka mambo mawili juu ya safari hiyo. Kwanza, waliokusanya, waliochagua na waliochapa walikuwa wanaume, na tena wageni. Pili, dunia inayosimuliwa ndani yake ni dunia ya mwambao na bahari ya Hindi: masultani, mawaziri, wafanya biashara, majumba yenye ghorofa na mabinti wanaokaa ndani. Sivyo alivyoishi mwanamke wa Bunda, ambaye jua la asubuhi humkuta shambani akipalilia mtama au akichuma pamba. Wala sivyo alivyoishi mwanamke wa ufukoni Musoma anayeanika dagaa na kujua bei yake kuliko mchuuzi. Basi mtoto wa Mara anapofundishwa kwamba mwanamke wa hadithini hukaa ndani akingoja kuposwa, na kwamba hiyo ndiyo desturi yetu ya tangu zamani, hafundishwi desturi yake. Anafundishwa desturi ya jumba moja la pwani, tena la watu wachache wenye mali.

Hamdani, paa na binti wa sultani

Na tuchukue mfano mmoja ulio mashuhuri katika mkusanyo wa Steere, kisa cha Sultani Darai. Ndani yake mna masikini aitwaye Hamdani, ambaye riziki yake ni kupekua jaani. Siku moja anapata fedha kidogo, anamnunua paa. Paa huyo anasema kama mtu. Anapata almasi, anaipeleka kwa sultani mmoja, na kumposea Hamdani binti wa sultani huyo, akisema kwamba bwana wake ni Sultani Darai. Kisha paa anamwua joka lenye vichwa saba na kulitwaa jumba lake, ili bwana wake apate makao. Mwishowe paa anaugua. Hamdani, ambaye sasa ni tajiri, anamdharau na kuamuru apewe uji wa mtama. Mkewe anakataa. Anamwuguza paa, anampa chakula kizuri na nguo za kujifunika, na kumkumbusha mumewe wema waliotendewa. Hamdani hasikii. Paa anakufa. Hamdani anaamka na kujikuta tena jaani akipekua, na mkewe anaamka na kujikuta nyumbani kwa baba yake.

Mwalimu wengi huimaliza ngano hii kwa kuuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto hujibu kwamba asante ya punda ni mateke, au kwamba kutokumbuka fadhila ni kubaya. Jibu ni sahihi, mwalimu huliandika ubaoni, na kipindi kinakwisha. Lakini tazameni ni nani aliyeachwa nje ya jibu hilo. Katika jumba lile alikuwamo mtu mmoja aliyeikumbuka fadhila. Alibishana na mumewe kwa hoja, na katika jambo alilokatazwa alifuata dhamiri yake. Kama tunataka kuwafundisha watoto adili, basi mwenye adili ndiye huyu. Muhtasari wa "asante ya punda" unamtazama Hamdani tu: ubaya wake unakuwa somo, na wema wa mkewe unakuwa pambo.

Hapo mwalimu mwangalifu atatambua jambo jingine. Mwanamume katika kisa hiki ana majina mawili, Hamdani na Sultani Darai, na hilo la pili alipewa bila kulifanyia kazi. Mkewe hana hata moja. Alipokuwa kwao alikuwa binti wa sultani. Alipoolewa akawa mke wa Hamdani. Shauri la ndoa yake lilikatwa kati ya baba yake na mposaji mwenye almasi. Na hata thawabu ya wema wake ni kurudishwa kwa baba. Hapewi jumba, ingawa yeye ndiye aliyestahili kulirithi. Hapa ngano inaonyesha mipaka ya jamii iliyoizaa: iliweza kumfikiria mwanamke mwenye busara na ushujaa, lakini haikuweza kumfikiria akiwa na makao yake mwenyewe.

Mambo haya mawili yamo pamoja katika kisa kimoja, na ndiyo maana tunasema kwamba kukitupa ni hasara, na kukisoma bila maswali ni hasara vile vile. Anayekitupa anamtupa pamoja nacho mwanamke aliyesema kweli mbele ya mumewe. Asiyeuliza maswali anamwacha mtoto aamini kwamba kukosa jina ni jambo la kawaida kwa mwanamke.

Jikoni ni mahali pa nani?

Mfano wa pili ni kisa cha Sultani Majnuni. Sultani huyo alikuwa na wana saba. Sita walikaa naye barazani, na wa saba alikaa na mama yake jikoni, ndipo akaitwa Mkaa Jikoni. Baba alimdharau. Lakini wale sita walipotumwa kuulinda mtende usiliwe na ndege, walilala usingizi mmoja baada ya mwingine. Mkaa Jikoni alikesha. Na lilipotokea nunda mla watu, aliyekuwa kwanza paka wa sultani mwenyewe, ni Mkaa Jikoni aliyekwenda porini kumtafuta. Kila alipoua mnyama alimleta kwa mama yake, na mama akamwambia kwamba huyo siye, mpaka alipomwua nunda mwenyewe.

Jina la kijana huyu ni tusi. Linatukana kwa sababu wasikilizaji walikubaliana kwamba jikoni ni mahali pa wanawake, na mwanamume akaaye huko amepungukiwa. Hata hivyo ngano inaligeuza tusi hilo likawa kichekesho kwa watukanaji, kwani baraza lilizaa wasinziaji na jiko likazaa shujaa. Na mama yake, anayeachwa kwa urahisi katika muhtasari, ndiye aliyempima mwanawe kila aliporudi na windo.

Mwalimu anaweza kuuliza hapa swali lenye faida kubwa: Mkaa Jikoni alijifunza nini jikoni ambacho ndugu zake hawakujifunza barazani? Watoto wa shule zetu watalijibu kwa haraka, maana wanajua kwamba anayepika hana nafasi ya kusinzia. Jiko hulindwa na chungu hutazamwa. Mtoto mvulana anayejibu hivyo amekwisha kuutambua ujuzi katika kazi ambayo alizoea kuiita kazi ya dada zake. Na kutoka hapo haitakuwa vigumu kumwambia kwamba zamu ya kufagia darasa na ya kuteka maji ni yake pia.

Lugha yenyewe na mazoea yetu

Kiswahili kina sifa ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuitumia. Vitenzi vyetu havibagui mwanamume na mwanamke. Tunaposema "alilima", "alitawala", "aliganga", hatusemi kama mtendaji ni mume au mke. Majina ya kazi nayo ni hivyo hivyo: mkulima, mganga, mwalimu, mwindaji, hakimu. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua jinsi kila anapofika kwenye neno "a-". Sisi hatulazimiki. Kwa hiyo, mtoto anaposikia "mwindaji aliingia porini" na kumwona mwanamume akilini mwake, picha hiyo haikutoka katika sarufi. Ilitoka katika mazoea.

Jambo hili hujaribiwa kwa zoezi jepesi lisilohitaji zana ya gharama. Mwalimu aandike ubaoni sentensi nne: Mkulima aliamka alfajiri. Mganga alimtibu mgonjwa. Mzee alikata shauri la kijiji. Mpishi aliwasha moto. Kisha awaambie watoto wachore kila mmoja wa watu hao. Michoro ikikwisha, ibandikwe ukutani na kuhesabiwa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, katika kazi ipi? Mwalimu asihubiri. Aulize tu: ni neno gani katika sentensi lililokuambia kwamba mzee ni mwanamume? Watatafuta wasilione. Watoto wakijigundulia hivyo kwamba picha ilikuwa vichwani mwao, watakuwa wamejifunza mengi kuliko wangejifunza kwa hotuba ya saa nzima.

Hata hivyo tusikisifu Kiswahili kupita kiasi. Yako mahali ambapo lugha inabagua waziwazi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mmoja amepewa kitenzi cha kutenda, na mwingine cha kutendwa. Na mwanamke mkongwe wa nganoni mara nyingi huitwa kizee au kibibi, kwa kiambishi kile kile cha kudunisha tunachokitumia kwa kitoto na kijumba, ingawa yeye ndiye mara nyingi ajuaye siri ya jumba na njia ya kutokea. Wanafunzi wa Darasa la Sita na la Saba, wanaojifunza kauli za vitenzi, wanaweza kuyajadili haya katika kipindi cha sarufi bila kuacha muhtasari wa somo hata kidogo.

Masimulizi ya Mara yasemavyo

Mwalimu anayefundisha katika mkoa huu ana hazina nyingine ya kulinganishia. Waikizu, ambao nchi yao imo wilayani Bunda, husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa na ujuzi wa mvua, na ambaye hutajwa kuwa chanzo cha utemi wao. Wanata, majirani zao wa upande wa Serengeti, husimulia kwamba asili yao ni kukutana kwa mwindaji Nyamunywa na mwanamke mkulima Nyasigonko: huyu na ujuzi wa pori, huyu na ujuzi wa shamba, na kabila likaanzia katika kuunganika kwa maarifa hayo mawili. Wanawake hawa wana majina. Wana ujuzi unaohitajiwa. Hawakai ndani kumngoja mtu.

Hatusemi kwamba jamii za Mara zilikuwa pepo ya wanawake. Kama ingalikuwa hivyo, mambo ya kuozwa mabinti wadogo na kukeketwa yasingekuwa sehemu ya habari za mkoa huu mpaka leo. Tunasema tu kwamba masimulizi ya asili yanaweza kumkumbuka mwanamke mtawala na mwanamke mvumbuzi, hata pale ambapo wasimuliaji wenyewe hawampi nafasi hiyo barazani. Mwalimu anayezijua ngano hizi ana silaha dhidi ya wale wanaosema kwamba heshima kwa mwanamke ni kitu kilicholetwa na wageni.

Ni vyema pia mwanachuo ajue jinsi masimulizi haya yalivyokusanywa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapa mwaka 2003 mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini. Mwaka 2019 alitoa kitabu kingine, safari hii akiegemea masimulizi ya wanawake wa mkoa huu. Ikaonekana kwamba wanaume walipenda kusimulia koo, makabila na mipaka, na wanawake walisimulia mahusiano yanayovuka mipaka hiyo: ndugu walioolewa mbali, rafiki wa ng'ambo, nyumba zilizowapokea watu wakati wa njaa. Funzo lake kwa mwalimu ni kubwa. Ukimwuliza babu peke yake, utapata nusu ya historia ya kijiji. Basi unapowatuma watoto kukusanya ngano nyumbani, usiwaambie "waulizeni wazee" ukaridhika, kwani kwa mazoea yale yale ya vichwani watawaendea wanaume. Waambie wawaulize bibi zao, mama zao na shangazi zao, na waandike jina la msimuliaji chini ya kila ngano.

Butiama na kitabu cha mwaka 1869

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Steere, yaani mwaka 1869, mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill alichapa huko huko London kitabu cha kupinga kutiishwa kwa wanawake. Vitabu hivyo viwili havikujuana. Lakini miaka 75 baadaye, mwaka 1944, kijana wa Butiama aliyekuwa akisoma Makerere aliandika insha akizitumia hoja za Mill kuichunguza hali ya wanawake katika jamii yake ya Wazanaki. Kijana huyo ni Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Insha hiyo ilichapishwa mwaka 2009 kwa jina la Uhuru wa Wanawake.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha namna ya kusoma. Nyerere alikuwa mtoto wa Mtemi Burito, mwanamume mwenye wake 22, na mama yake Mugaya alikuwa mmoja wa wake hao. Angaliweza kukisoma kitabu cha Mill kama habari za Waingereza zisizomhusu. Angaliweza pia kuitetea boma ya baba yake kwa kuwa ni mila. Badala yake alikiweka kitabu mbele ya boma, na boma mbele ya kitabu, akauliza maswali. Na hakuyasahau: katika andiko lake juu ya Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alikiri kwamba kasoro moja ya maisha ya jadi ilikuwa hali ya wanawake, waliofanya kazi nyingi kuliko sehemu yao na kuhesabiwa chini. Mtu aliyeisifu jadi kuliko wengi wa wakati wake ndiye aliyeikosoa waziwazi. Mwalimu anayeambiwa kwamba kuihoji ngano ni kuidharau jadi, na alijibu kwa mfano huo.

Namna ya kufundisha

Haitoshi kusema mwalimu abadilike. Hana budi aonyeshwe njia. Tunapendekeza maswali matatu, ambayo mwanachuo anaweza kuyaongeza katika andalio lake kwa ngano yo yote.

Swali la kwanza: Nani ana jina? Watoto waorodheshe wahusika wote, safu moja wenye majina, safu ya pili wasio na majina. Kisha wajadiliane kwa nini imekuwa hivyo, na katika kipindi cha utungaji wampe jina mhusika asiye nalo na kueleza sababu ya kulichagua. Mtoto aliyempa mke wa Hamdani jina hatamsahau.

Swali la pili: Nani alikata shauri? Watoto watafute mahali ambapo hadithi iligeuka, na waseme ni nani aliyeigeuza. Mara nyingi wataona kwamba mwanamke aliigeuza kwa neno na mwanamume akasifiwa kwa tendo.

Swali la tatu: Hadithi ingekuwaje kama angesimulia mwingine? Nusu ya darasa imsimulie Hamdani, nusu imsimulie mkewe. Wavulana wasipewe Hamdani na wasichana mkewe, wachanganywe. Faida ya zoezi hili ni kwamba mvulana hulazimika, japo kwa dakika kumi, kusema "mimi" kwa sauti ya mwanamke aliyekatazwa kutenda haki.

Zaidi ya hayo, mwalimu atazame darasa lake lenyewe. Kama baada ya ngano ya Mkaa Jikoni ni wasichana peke yao wanaotumwa kuteka maji ya walimu, na ni mvulana peke yake anayepiga kengele, basi watoto watasadiki kengele na kusahau ngano.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema kwamba watoto wa shule ya msingi ni wadogo mno kwa mambo haya. Tunawajibu kwamba si wadogo kuyapokea mazoea. Basi wasiwe wadogo kuyahoji. Wengine watasema kwamba kipindi cha dakika 40 hakitoshi, na darasa lina watoto wengi. Ni kweli kwamba kazi ya mwalimu ni nzito. Lakini hatukuomba kipindi kipya. Tumeomba maswali matatu yachukue nafasi ya lile moja la "inatufundisha nini", ambalo watoto wamekwisha kulizoea kiasi cha kulijibu bila kusikiliza ngano.

Na wako watakaosema, kwa nia njema, kwamba afadhali tuziache ngano za zamani na kuandika mpya ambazo wasichana wote ni marubani na madaktari. Ngano mpya ziandikwe, na ziwe nyingi. Lakini mtoto ambaye hajafundishwa kuuliza maswali atameza ya rubani kama alivyomeza ya binti wa sultani, na akifika nyumbani akakuta mambo mengine, atadhani kwamba kitabu kilimdanganya. Anayejua kuuliza hahitaji kufichwa kitabu cho chote.

Kwa nini jambo hili ni zito

Ni katika mji wa Musoma, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipitisha azimio kwamba kila mtoto wa umri wa kusoma apate nafasi katika shule ya msingi ifikapo Novemba 1977. Azimio la Musoma liliwaingiza darasani wasichana wengi ambao mama zao hawakupata kuliona darasa. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalikataza kumwoza mwanafunzi. Na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kujifungua anaweza kurudi. Hatua hizo zote zimefungua mlango.

Lakini sheria haiingii darasani kukaa na mtoto kwenye dawati. Fikirini msichana aliyerudi shule baada ya kujifungua, akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza ngano baada ya ngano ambazo habari za binti hukoma siku ya kuolewa. Mwalimu akifunga kitabu hapo, amemwambia msichana huyo, bila kutamka neno, kwamba hadithi yake imekwisha. Lakini kisa cha Hamdani hakikomi harusini. Jambo kubwa kabisa alilolitenda yule binti wa sultani alilitenda baadaye, akiwa mke, ndani ya jumba la mtu asiye na shukrani. Hilo limo katika maandishi ya mwaka 1870, na limengoja mwalimu wa kulisoma kwa sauti.

Wanachuo wenzetu, mwendapo shuleni chukueni ngano za zamani bila hofu. Zisomeni zote, hadi mwisho. Kisha kabla ya kufuta ubao, waulizeni watoto yule mwanamke aliitwa nani. Wakisema hana jina, msiwaache hapo.